Swali la Tatu

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu tangu alfajiri. Migomba ya mbele ya nyumba naiona nusu, ya bondeni siioni kabisa. Manyunyu yanakuja na kuondoka kama mgeni anayerudia fimbo aliyoisahau. Goti la kulia linauma.

Wanangu wa chumba cha picha, mlipokuja kunisalimia mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya hizo kompyuta zenu. Nikanunua kaunta buku. Nimeanza mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Mimi nimeishia darasa la saba, na vidole vyangu vimezoea klipu za kuning'inizia filamu kuliko kalamu. Nikikosea mnisahihishe tu, msinionee haya.

Nilikusudia kuanza na mashine ya zamani, niende taratibu mpaka kustaafu kwangu. Leo hapa nyumbani kumetokea jambo lililovuruga mpango huo, kwa hiyo nitaandika mambo kama yanavyokuja. Ila msinisome kwa kubahatisha, niseme mapema kinachonisumbua ni nini. Zamani nilimpiga mke wa mwanangu picha ya kifua bila kumuuliza swali moja ambalo ilikuwa kazi yangu kumuuliza. Kumbe alikuwa na mimba. Mtoto wa mimba ile ni mjukuu wangu Tusekile, na sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. Humu ndani lawama amebebeshwa mama yake, kwamba uziwi umetoka ukoo wa kwao Lupepo. Mimi nikawa nimekaa kimya mpaka leo.

Sasa nieleze.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Seif. Baba yake alikuwa fundi cherehani hapa Tukuyu mjini, watu wenye asili ya Kilwa, na Seif mwenyewe ndiye aliyesomea picha chuoni. Mimi nilikuwa mfagizi wa wodi. Siku moja akaniona nimesimama mlangoni namtazama anavyoinua filamu mbichi kwenye mwanga, akaniambia, "Ukitaka kutazama, ingia. Ukisimama mlangoni unaniletea mwanga." Nikaingia, nikatoka siku ya kustaafu.

Ninyi hamjui chumba cha giza, na siwaonei wivu kwa hilo. Kilikuwa na matangi matatu ya dawa, taa nyekundu, na kidirisha ukutani cha kupitishia kaseti, kile kisanduku cha filamu, kutoka chumba cha mashine. Filamu inaingia kwenye dawa ya kwanza, unahesabu, unaisuuza, unaiweka ya pili, unaiosha, unaianika. Saa ya ukutani iliharibika zamani. Mimi nilihesabu kwa wimbo wa kanisani, beti nne polepole. Seif alihesabu kwa tasbihi. Tulibishana sana nani yuko sahihi. Lazima niseme kweli, yeye alikuwa sahihi zaidi, maana shanga hazichoki, na mimi nikifurahi wimbo unakimbia. Wiki ya Krismasi filamu zangu zote zilitoka hafifu.

Tatizo kubwa la Tukuyu lilikuwa baridi. Dawa ya kwanza inataka uvuguvugu. Mwezi kama huu maji ya bomba yanauma meno, na dawa ikiwa baridi picha haitoki, mbavu zinakuwa kama zimechorwa na mtu aliyelala. Seif alikuwa anachemsha birika nje, anamimina maji ya moto kwenye beseni, anakalisha tangi humo kidogo kidogo. Inachukua muda. Siku moja ameitwa wodini, wagonjwa sita wamejipanga, mimi nikajiona mjanja. Nikaenda jikoni nikaleta jiko la mkaa, nikaliweka chini ya meza ndani ya chumba cha giza. Nilijiambia: taa yetu ni nyekundu, mkaa nao ni mwekundu, kuna tofauti gani?

Filamu zote sita zilitoka kijivu. Na mimi nilitoka nimeshika kichwa kwa ule moshi usioonekana. Nashukuru sikuanguka humo ndani. Seif akaichukua moja, akaielekeza dirishani.

"Huyu mgonjwa ana ukungu wa Tukuyu kwenye mapafu?"

"Ni jiko, Bwana Seif. Nilidhani wekundu ni wekundu."

"Umetazama kwa jicho lako. Filamu haina jicho lako." Kisha akaniambia jambo ambalo nataka mlishike. "Sasa toka nje. Wapo sita kwenye benchi. Mwambie kila mmoja kwamba picha yake imeharibika, na aliyeiharibu ni wewe, siyo mashine. Kosa la chumba cha picha linasemwa mlangoni, mgonjwa akiwa bado hajaondoka."

Nikatoka nikasema. Mzee wa kwanza alinicheka. Wa pili alinitukana mpaka babu zangu. Lakini jioni nililala vizuri. Hilo nalikumbuka kwa sababu kuna kosa jingine ambalo sikulisema mlangoni.

Seif alikuwa na maswali matatu kabla ya kubonyeza kitufe. Jina lako nani. Unaumwa wapi. La tatu kwa mwanamke: una mimba, au unahisi unayo? Alisema, "Mionzi haina adabu, inaingia mwilini bila hodi. Hodi piga wewe kwa niaba yake." Na mwanamke wa umri wa kuzaa lazima afungwe kiunoni aproni ya risasi, yaani yale madini mazito, siyo ya bunduki. Nilimuuliza kwa nini risasi na siyo bati au mbao. Akasema mwale unapita mbao kama kuku anavyopita ua bovu, lakini risasi imesongamana, mwale unanasa humo. Maelezo hayo yalinitosha miaka yote.

Nisipitilize na hili: watu walituogopa na kutufurahia kwa pamoja. Mzee mmoja wa Masoko alikuja kupigwa picha ya nyonga amevaa koti na tai. Nikamwambia avue. Akasema, "Picha gani ya kuvua?" Alipoona filamu akauliza kama naweza kumpa nyingine ambayo amecheka.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa sikukuu ya Idi, Seif hakuwepo. Simlaumu, sikukuu ni haki yake, na picha za kifua alikwisha kunizoesha kupiga peke yangu. Nilikuwa chumba cha mashine nafuta kaseti, mlango ukafunguka, nikageuka. Mkamwana wangu, na fomu ya daktari mkononi.

Vijana wa mjini mtacheka. Sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakutani nawe uso kwa uso. Akikuona njiani anaingia migombani. Hakuiti, humwiti, chakula chako hakileti yeye. Siyo chuki, ni heshima, na wengi wameshaiacha, wala siwasemi vibaya walioiacha. Lakini sisi tulikuwa tunaishika, na mkamwana alikuwa na mwaka mmoja tu nyumbani kwangu. Aliponiona akajifunika kitenge kichwani na kugeukia ukutani. Mimi nikaingia chumba cha giza nikafunga mlango. Tukawa hivyo, kila mmoja na ukuta wake.

Alikuwa na kikohozi cha wiki tatu. Nilikuwa nakisikia jikoni kila siku. Kumrudisha nyumbani bila picha niliogopa, maana kikohozi cha namna ile kimeua watu tunaowajua. Kwenye benchi la nje alikuwepo bibi mmoja mwenye mkono uliovunjika, umefungwa kwa kanga. Nikapitia mlango wa nyuma nikamwomba aingie awe msemaji.

"Msemaji wa nini? Si yule pale, na wewe huyu hapa?"

"Ni mkamwana wangu, bibi."

"Ee Mungu! Nimekuja na mkono wangu, nimegeuzwa mshenga!"

Akaingia. Mimi nikawa nasemea kwenye kidirisha cha kaseti, yeye anarudia kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mwambie asimame aelekee ubao wa filamu. Kidevu juu. Mabega mbele. Mnajua wenyewe, picha ya kifua mgonjwa anakupa mgongo, anaelekea filamu, na mwale unamjia kutoka nyuma. Nikajiona nina bahati, kwamba katika picha zote daktari ameandika hii ya heshima.

"Mwambie afunge aproni kiunoni. Iko msumarini."

"Nzito hii! Nimfunge kwa mkono gani?" Nikasikia kishindo, aproni imeanguka chini. Sikuchungulia.

Ndipo zamu ya swali la tatu ikafika. Nilifungua mdomo kwenye kile kidirisha. Wanangu, sikuweza. Mtu kumuuliza mkamwana habari za tumbo lake, tena kwa mdomo wa bibi wa njiani anayepiga kelele hadi korido! Nilijiambia ana mwaka mmoja tu, angekuwa nayo mke wangu angejua. Nilijiambia kikohozi hakingoji. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi. Nikasema, "Mwambie avute pumzi, asitoe." Nikaenda nyuma ya kizuizi changu cha risasi, nikabonyeza.

Filamu ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Beti nne, hata ubeti mmoja haukukimbia. Kifua kilikuwa kizima, palikuwa na doa dogo tu chini kulia, daktari akampa dawa akapona. Na nikawa mtu wa ajabu: uso wa mkamwana wangu siujui vizuri hadi leo, lakini mbavu zake nazijua.

Baada ya miezi saba akajifungua Tusekile. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Nikamweleza Seif. Akasema, "Picha ya kifua mwale unabanwa uishie hapo juu. Kilichofika tumboni ni kidogo sana sana. Mimi nisingekosa usingizi." Akanitazama. "Lakini swali ungeuliza." Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, na sentensi zote mbili nimezihifadhi kwa uzito sawa, ingawa usiku huja ile ya pili.

Sikio tuliligundua akiwa na miaka mitano, mwalimu alipoona anageuza kichwa kama kuku. Daktari alisema linaweza kuwa homa, linaweza kuwa uzazi, linaweza kuwa la kurithi, na kuna shangazi wa mama yake asiyesikia vizuri. Mke wangu akashika hilo la mwisho. Kwa haki niseme mke wangu si mtu mbaya. Alimlea Tuse mgongoni, alimpigania akae dawati la mbele. Lakini maneno huzoeleka. "Masikio ya Lupepo." Alilisema kwa uchungu mwanzoni, baadaye likawa utani, na utani hauna siku ya kuisha. Mkamwana hakuwahi kujibu. Na mimi niliyekuwa na neno la kusema, nilikuwa nakunywa chai.

Sasa leo.

Tuse amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Tulikuwa barazani, mke wangu anachambua maharage, mkamwana yuko jikoni anamenya ndizi. Jiko letu ni la mbao, limeegemea baraza. Kila upande unausikia mwingine. Tuse alikuwa anasoma kwenye simu.

"Babu hamia huku, umekaa upande wa ukuta." Hivyo ndivyo anavyoliita sikio lake la kushoto. Nikahama. "Sasa nyoosha kidole gumba."

"Cha nini?"

"Nyoosha tu. Hapo hapo, kwenye huo ukucha, zinapita nyutrino mabilioni, chembe ndogo mno zisizoonekana. Kila sekunde."

"Zimetoka wapi?"

"Kwenye jua."

"Jua lipi? Tangu asubuhi umeliona?"

Akacheka. "Ndiyo maana nakwambia! Ukungu hauzizuii. Bati halizizuii. Na jua likiwa upande wa pili wa dunia zinapita ardhi yote, zinakuja kutokea chini ya kitanda chako."

Mke wangu akadakia, "Chini ya kitanda changu hakuna kinachotokea. Nimefagia leo."

Mimi nikauliza swali la mtu wa kazi yangu. "Na risasi?"

"Zinapita, Babu. Ukitaka kuzuia nusu yake tu, labda ukuta wa risasi mnene kiasi kwamba mwanga wenyewe ungetumia mwaka mzima kuumaliza urefu huo."

"Aproni yangu ilikuwa nusu milimita."

"Ndiyo."

Niliumia kidogo, sitaficha. Nikamwambia basi miaka yote nilikuwa najifunga bure. Akasema hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti. Mwale wa picha unashikana na chembe za umeme zilizomo ndani ya kila kitu. Nyutrino haina chaji, haina cha kushikwa nacho, na nguvu pekee inayoweza kuigusa inafanya kazi karibu sana, mpaka zigongane hasa.

Nilifikiri. Nikamwambia ngoja niseme kwa namna yangu. Mwale wa picha ni kama mimi nikiingia sokoni Tukuyu siku ya gulio. Kila meza najulikana. Salamu zinaanza: ugonile, ndaga, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo. Nikifika meza ya tatu nimeshasahau nilifuata nini, na upande wa pili wa soko sifiki. Risasi ni soko lililojaa sana. Mfupa umejaa kiasi. Nyama ni soko la saa nane mchana, watu wachache, ninaweza kupenya. Sasa hiyo nyutrino yako ni mtu asiyejua mtu yeyote na asiyejulikana. Anapita soko zima mpaka upande wa pili hajashikwa mkono hata mmoja.

"Babu, hiyo nitaiiba," akasema. "Ila soko lenyewe ni tupu kuliko unavyodhani. Hata risasi ndani yake karibu yote ni nafasi. Na usiseme hashikwi kabisa. Mara moja moja sana anagongana na mtu. Kuna watu wamejenga tangi kubwa la maji chini ya ardhi, wameweka macho pande zote, wanasubiri. Zinapita zisizohesabika, wanakamata chache tu kwa siku."

Hilo lilinipendeza. Siyo kamwe, ila mara moja moja. Ni haki kusema hivyo.

"Kwa hiyo," nikauliza, na nilijua ninakokwenda, "inayodhuru ni ipi?"

"Inayosimama. Mwale uliopita moja kwa moja haukumfanya mgonjwa kitu, huo ulikwenda kuitia weusi filamu yako. Uliobaki mwilini ndio wa kuhesabu."

Wanangu, nimeinua filamu maelfu kwenye mwanga, nyeusi walipopita wale watu wangu wa sokoni, nyeupe waliposimama, na sikuwahi kufikiri hivyo. Nilidhani picha inaonyesha yote. Kumbe inaonyesha tu waliotoka. Waliobaki ndani wamebaki ndani.

"Na mtu asiyejua ni mingapi ilisimama?"

"Anasema hajui. Hata hao wa tangi wasipojua wanaandika hatujui. Siyo aibu."

Hapo mke wangu, aliyekuwa kushoto kwake, akasema, "Tuse, nipe ungo." Kimya. "Tuse!" Kisha akatikisa kichwa akicheka. "Masikio ya Lupepo hayo. Ukoo mzima huitwa mara mbili."

Alisema kama siku zote. Lakini mimi nilikuwa kimya pia, nikasikia kitu ambacho labda kila mara kilikuwepo: kule jikoni kisu cha kumenyea ndizi kimesimama.

"Mama Gwamaka," nikamwambia mke wangu, "usiseme hivyo tena."

"Nimesema nini? Natania."

"Najua. Sikio hilo huenda likawa langu."

Akaniangalia kama aliyeona nimeanguka. Nikamgeukia Tuse, upande wake mzuri, lakini sauti niliipandisha. Desturi inanikataza kumwona mkamwana na kumsemesha. Neno likipita lenyewe kwenye mbao, desturi haijasema kitu. Nikaeleza Idi, kikohozi, bibi wa mkono, aproni iliyoanguka, swali nililolimeza. Nikaeleza na alichosema Seif, sentensi zote mbili. Sikujitetea, au nilijaribu nisijitetee. Sijui kama niliweza.

Mke wangu aliacha maharage. "Miaka yote hii? Mimi naongea, na wewe unaninyamazia?"

"Ndiyo."

"Umeniacha niongee?"

"Nilikuacha. Kosa la kuongea ni lako kidogo, la kunyamaza ni langu zaidi."

Kutoka jikoni sauti ikaita, "Tuse." Mara moja tu, na alisikia. Akaingia. Nilisikia mnong'ono mrefu. Alipotoka alisimama kwenye mlango wa jiko, nusu huku nusu kule, mikono imeshika miimo.

"Babu, Mama anasema alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ana mimba. Miezi miwili. Anasema hata kama ungeuliza, labda angekataa, kwa sababu ni wewe, na yule bibi alikuwa anapiga kelele." Akageuka akasikiliza, akarudi. "Anasema aproni ilipoanguka aliiokota akaikumbatia tumboni. Kwa mbele."

Kwa mbele. Na mwale ulimjia mgongoni. Aliyepaswa kumwambia hivyo alikuwa mimi, nyuma ya ukuta.

"Anasema," Tuse akaendelea, na hapo sauti yake ilibadilika, "walipoanza kusema ni ukoo wake, aliona afadhali kosa liwe la ukoo kuliko liwe lake. Ndiyo maana hakujibu."

Manyunyu yalikuwa yanapiga bati. Mke wangu alikuwa anazungusha punje moja ya maharage kwenye kidole.

Tuse ndiye aliyesema. "Na mimi hamniulizi? Sikio ni langu, na watu watatu wazima wananigombania." Alikuwa anacheka na machozi yako hapo hapo. "Sikilizeni. Bwana Seif alisema kweli, picha moja ya kifua, kinachofika tumboni ni kidogo mno. Mimi naona si hiyo. Shangazi naye naona hana hatia. Lakini hatujui. Babu, kwenye daftari lako andika hatujui."

Nimeandika. Hatujui.

"Ila swali," akasema, "ungeuliza."

"Ningeuliza."

Basi wanangu, hilo ndilo ninalowapa, na mengine ya matangi na klipu mtayapata mkipenda. Mashine zenu sasa ni nzuri, dozi ni ndogo, picha inatokea kabla mgonjwa hajavaa shati. Lakini kuna siku ataingia mtu ambaye huwezi kumuuliza: mkweo, mchungaji wako, mke wa bosi. Siku hiyo usijifanye mjanja. Toka, muite mwenzako hata kama ni sikukuu, hata kama kikohozi kinakutisha. Heshima ni kitu kizuri, isikubonyezee kitufe. Na ukikosea, sema mlangoni, mgonjwa akiwa bado hajaondoka. Ukichelewa, sema hata hivyo.

Sijui kama nimeandika sawa. Tuse amesoma ukurasa wa nyutrino amesema unapita. Zilizobaki sijampa.

Kisu kilianza tena kumenya muda si mrefu. Jioni tulikula ndizi kwa maharage yale yale yaliyochambuliwa barazani, parachichi, na maziwa mgando. Kwa kawaida sahani ya kwanza ni yangu, na huletwa na Tuse. Leo mke wangu alipakua mwenyewe, akapita mbele yangu na sahani ya kwanza bila kusimama, akaipeleka jikoni. Hakutoka upesi. Yangu ilikuja ya pili, imepoa kidogo, na nilikula yote.